Miale ya Kathodi: Jaribio Kwanza, Majibu Baadaye

Kuna jibu ambalo nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kulitambua kwa mbali: "Miale ya kathodi husafiri kwa mistari iliyonyooka." Mtahiniwa ameandika sentensi ya kweli, akatia kituo, akakimbilia swali linalofuata. Lakini swali lilikuwa limemtaka aeleze tunajuaje. Alama mbili zimekwenda na maji, na si kwa sababu hakusoma. Alisoma, ila alikariri mwisho wa hadithi bila kuisoma hadithi yenyewe.

Katika fasihi hufanyi hivyo. Ukiambiwa uthibitishe kwamba mhusika ni katili, unatafuta tukio: alimfanyia nani nini, wapi. Dai bila ushahidi kutoka kitabuni halikupi kitu. Sura ya miale ya kathodi katika kitabu chako cha kozi isome kwa jicho hilohilo. Kila sifa ya miale hiyo ina tukio lake la kuithibitisha. Mtihani wenyewe utauandika kwa Kiingereza, najua, lakini kwanza uelewe kwa lugha unayoiotea ndoto. Maneno ya mtihani utayajaza baadaye.

Jambo la pili ninalolijua ni kwamba huenda hujawahi kukiona chombo hiki kikifanya kazi. Shule moja niliyofundisha kando ya Mto Tana ilikuwa na osiloskopu moja. Mafuriko yakaja, maabara ikashinda ndani ya maji, na kabati lilipofunguliwa chombo kilikuwa kimejaa tope hadi kwenye vitufe. Tangu hapo nimejifunza kuifundisha sura hii kwa vitu viwili ambavyo Garsen havikosekani: mto, na runinga za zamani zenye kisogo.

Neli na kilichomo ndani

Neli ya miale ya kathodi ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa hadi kubaki ombwe. Upande wake mwembamba una bunduki ya elektroni. Upande mpana una skrini iliyopakwa kemikali inayong'aa ikigongwa na elektroni. Katikati pana kitu cha kuukunja mwale njiani.

Tuanze na bunduki. Waya mwembamba hupitishiwa umeme ukapata moto, nao huipasha moto kathodi, ambayo imepakwa oksidi za metali zinazoachilia elektroni kwa urahisi. Elektroni zilizo juu ya uso wa kathodi hupata nishati ya kutosha kuchomoka. Hapa wengi huandika kwamba joto "hutengeneza" elektroni. Hapana. Elektroni zilikuwamo tangu mwanzo. Joto limezipa tu nguvu ya kutoka, kama vile jua linavyoyainua maji ya bwawani kuwa mvuke bila kuyaumba.

Mbele ya kathodi kuna gridi, ambayo ina volteji hasi ikilinganishwa na kathodi. Kwa kuwa elektroni pia ni hasi, gridi huzisukuma nyuma. Ukiifanya gridi iwe hasi zaidi, elektroni chache ndizo zitakazopenya na doa kwenye skrini litafifia. Kitufe cha kuongeza na kupunguza mwangaza kinafanya kazi hiyo tu. Baada ya gridi zipo anodi, zenye volteji chanya kubwa. Hizi huzivuta elektroni na kuzipa kasi, na pia kuzikusanya ziwe mwale mwembamba unaotua mahali pamoja.

Kwa nini ombwe? Kwa sababu mbili, na uzitaje zote. Hewa ikibaki, elektroni zitagongana na molekuli zake, zipoteze nishati na kutawanyika. Tena waya wenye moto ungeungua mara moja ukikutana na oksijeni.

Na ile rangi nyeusi ya grafiti iliyopakwa ndani ya kioo si pambo. Huzikusanya elektroni zilizokwisha kugonga skrini na kuzirudisha kwenye saketi. Zisiporudishwa, skrini itarundika chaji hasi na kuanza kuufukuza mwale wenyewe. Vilevile huukinga mwale na uga wa umeme kutoka nje.

Kasi yake ni ipi? Tuseme volteji ya anodi ni volti 2,000. Nishati ya umeme hugeuka kuwa nishati ya mwendo, yaani eV = ½mv². Chaji ya elektroni ni 1.6 × 10⁻¹⁹ C na tungamo lake 9.1 × 10⁻³¹ kg. Kokotoa, utapata takribani 2.65 × 10⁷ m/s. Kwa kasi hiyo ungetoka Garsen ukafika Malindi kabla hata ya sehemu moja kwa mia ya sekunde kwisha. Ndiyo maana ukiwasha chombo huoni doa likisafiri; unaliona limekwisha fika.

Mtumbwi unaovuka

Siku hizi magari ya Malindi na Lamu yanapita darajani Garsen, lakini ukienda vijijini, juu au chini ya mji, mtumbwi bado unawavusha watu kwenda mashambani. Umeuona, au umeupanda. Mpiga kasia akiuelekeza mtumbwi moja kwa moja ng'ambo, hatatua mkabala na alipoanzia. Ataibukia chini zaidi, kuelekea Kipini, kwa sababu wakati yeye anasonga mbele, mto nao unamsukuma ubavuni. Kuna miendo miwili kwa wakati mmoja, na mmoja hauuzuii mwingine.

Elektroni inayopita kati ya mabamba mawili yenye chaji iko katika hali hiyo. Mwendo wa kwenda mbele ilipewa na anodi, na haupungui wala hauongezeki. Mabamba huisukuma ubavuni, kuelekea bamba chanya. Bamba la juu likiwa chanya, mwale hupinda juu. Tukio hilo pekee linakupa ushahidi kwamba miale ya kathodi ina chaji hasi. Mwanga wa tochi ukipitishwa hapo haupindi.

Mfano wa mtumbwi pia unakusaidia kujibu swali hili: volteji ya anodi ikiongezwa, mchepuko utaongezeka au utapungua? Mtumbwi wenye injini huvuka haraka, mto haupati muda wa kuuchukua mbali. Elektroni yenye kasi kubwa hukaa kati ya mabamba kwa muda mfupi, kwa hiyo mchepuko hupungua. Ukitaka mchepuko mkubwa, ongeza volteji kwenye mabamba yenyewe, au urefushe mabamba, au uyasogeze yakaribiane.

Sasa nikuonye, maana kila mfano una mahali unapokatikia. Mto ukishauchukua mtumbwi huupeleka chini kwa mwendo ule ule wa maji, hivyo njia yake ni mstari wa mshazari. Elektroni haiko hivyo. Kani ya mabamba huisukuma bila kukoma muda wote ikiwa katikati, kasi yake ya ubavuni inazidi kukua, na njia yake hujipinda kama ya jiwe lililorushwa kutoka juu ya mwembe. Ikishatoka nje ya mabamba hakuna tena kinachoisukuma, nayo hunyooka hadi kwenye skrini. Kwa hiyo mchoro wako uwe na sehemu mbili: mpindo kati ya mabamba, kisha mstari ulionyooka. Michoro mingi ninayoiona ina mpindo mmoja mrefu unaoendelea hadi mwisho, na alama ya njia ya mwale hupotea hapo hapo.

Sumaku hufanya kazi tofauti. Kani yake huwa wima kwa mwelekeo wa mwendo daima, kwa hiyo mwale hujikunja kwa tao la duara na kasi haibadiliki. Kupata mwelekeo tunatumia kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming: kidole cha shahada ni uga wa sumaku, cha kati ni mkondo wa umeme, gumba ni kani. Na hapa ndipo makaburi yetu yalipo. Mkondo katika kanuni hii ni ule wa kawaida, wa chaji chanya. Elektroni ni hasi. Ikiwa mwale unakwenda kulia, kidole chako cha kati kielekee kushoto. Jaribu: mwale uende kulia, uga uingie ndani ya karatasi. Ukikosea kidole utasema kani ni ya juu; jibu sahihi ni chini. Nimewaona wanafunzi hodari, wa kupewa zawadi shuleni, wakiangukia hapo.

Ugomvi wa Ulaya, na Thomson

Vitabu vingi hulitaja jina la J. J. Thomson kwa haraka na kupita. Mimi nakaa hapa kidogo, kwa kuwa ukiielewa hoja yake hutahitaji kukariri sifa za miale.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi waligawanyika. Wengi wa Wajerumani walisema miale ya kathodi ni aina ya mawimbi. Waingereza wakasema ni chembe zenye chaji. William Crookes alikuwa ameonyesha kwamba kipande cha metali chenye umbo la msalaba kikiwekwa njiani hutupa kivuli kikali kwenye kioo. Tukio hilo linathibitisha kwamba miale husafiri kwa mistari iliyonyooka, na ndilo ambalo mtahiniwa wangu wa pale mwanzo alipaswa kulitaja. Lakini halikumaliza ugomvi, kwani hata mwanga hutupa kivuli. Mwaka 1895 Mfaransa Jean Perrin aliiongoza miale hadi ndani ya chombo cha metali, akakuta chombo kimekusanya chaji hasi. Upande wa mawimbi haukukubali kushindwa. Walikuwa na silaha moja: Heinrich Hertz alikuwa amepitisha miale kati ya mabamba yenye chaji na haikupinda. Kama ni chembe zenye chaji, mbona hazikuvutwa?

Mwaka 1897, katika Maabara ya Cavendish pale Cambridge, Thomson aligundua kosa lilipokuwa. Hewa iliyobaki katika neli ya Hertz ilikuwa ikipasuliwa na miale kuwa ioni, na ioni hizo zikajikusanya kwenye mabamba na kuyaziba nguvu. Thomson akanyonya hewa zaidi. Miale ikapinda. Basi unapoulizwa umuhimu wa ombwe katika neli, kumbuka kwamba ombwe hafifu liliupotosha ulimwengu wa sayansi kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisha akafanya jambo la kifundi. Mrudie mpiga kasia wetu. Akitaka kutua mkabala na alipoanzia, huuelekeza mtumbwi juu kidogo, mto ukishusha naye anapandisha, mambo yakawa sawa. Thomson aliweka uga wa umeme unaoukunja mwale upande mmoja, na uga wa sumaku unaoukunja upande wa pili, akaurekebisha hadi doa likarudi katikati. Kani mbili zikiwa sawa, eE = Bev, chaji inafutika pande zote na kubaki v = E/B. Amepima kasi ya kitu asichokiona! Chukua E kuwa 2.0 × 10⁴ V/m na B kuwa 1.0 × 10⁻³ T, utapata 2.0 × 10⁷ m/s.

Baada ya kuijua kasi, njia moja ya kumalizia ni kuondoa uga wa umeme na kupima nusukipenyo cha tao linalobaki, r. Hapo e/m = v/(Br). Kwa tarakimu zetu, tao la sentimita 11.4 hutoa takribani 1.75 × 10¹¹ C/kg. Thamani inayokubalika leo ni 1.76 × 10¹¹.

Uzito wa jambo ni huu. Alibadilisha gesi ndani ya neli, akabadilisha metali ya kathodi, uwiano ukabaki uleule. Na uwiano huo ulikuwa zaidi ya mara elfu ya ule wa ioni ya hidrojeni, chembe nyepesi kuliko zote zilizojulikana. Ama chaji yake ilikuwa kubwa mno, ama tungamo lake lilikuwa dogo mno. Thomson akachagua tungamo dogo: chembe ndogo kuliko atomu, iliyomo ndani ya kila kitu. Ndiyo elektroni. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Dokezo kuhusu gurudumu. Baadhi ya vitabu husema Crookes aliweka gurudumu dogo njiani mwa miale, likazunguka, na hivyo kuthibitisha kwamba miale ina tungamo. Thomson mwenyewe alikokotoa baadaye kwamba msukumo wa elektroni hautoshi kulizungusha. Linalolizungusha ni joto. Ukitakiwa kutoa ushahidi, tumia mchepuko.

Runinga ya kisogo

Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, runinga nyingi za kisogo zilipata maisha ya pili kwa kuunganishwa na king'amuzi. Nyingine zimelala nyuma ya vibanda. Kile kisogo ni neli yetu: inahitaji urefu ili mwale upate nafasi ya kupinda kabla ya kufika kwenye kioo.

Tofauti yake na osiloskopu huulizwa mara kwa mara. Runinga huukunja mwale kwa koili za sumaku zilizovikwa shingoni mwa neli, kwa sababu sumaku inaweza kuukunja kwa pembe kubwa ukaifikia skrini pana bila kisogo kuwa kirefu mno. Osiloskopu hutumia mabamba, kwani mabamba hufuata mabadiliko ya haraka sana ya volteji, ambayo koili ingeyachelewesha.

Zamani nilimwomba mwenye banda la video anipe runinga iliyokuwa imeharibika rangi. Mwanafunzi mmoja akaisogeza sumaku ya spika karibu na kioo. Picha ikavutika kama kanga iliyoshikwa pembe, na darasa zima likapiga kelele. Hawakuniuliza tena kama sumaku kweli huukunja mwale. Usilifanye kwa runinga nzima ya rangi ya nyumbani: nyuma ya skrini kuna bamba la chuma lenye matundu madogo, nalo likisumakishwa doa la rangi hubaki pale.

Na kisogo usikifungue. Hili nalisema kwa sababu nimemfundisha kijana aliyekifungua baada ya kuchomoa waya ukutani, akidhani umeme umekwisha. Alirushwa chini, na mkono ukafa ganzi siku nzima. Runinga ya rangi hutumia zaidi ya volti 20,000 kwenye anodi, na neli huweza kuihifadhi chaji hiyo muda mrefu baada ya kuzimwa, kwa kuwa kioo chake kilichopakwa pande zote mbili ni kapasita. Unaijua kapasita kutoka Kidato cha Tatu. Hii hapa, kubwa na isiyo na huruma.

Hatari ya pili ni ombwe lenyewe. Kanieneo ya hewa ni karibu 1.0 × 10⁵ N/m². Skrini ndogo yenye upana wa sentimita 28 na kimo cha sentimita 21 husukumwa na karibu N 5,900, sawa na uzito wa kilo 600. Ni kama ng'ombe wawili wakubwa wa Waorma wamesimama juu ya kioo. Mtoto akiitupia jiwe neli iliyotupwa, kioo huporomoka kwa ndani na vipande kuruka nje. Tena kioo cha sehemu ya nyuma huwa na risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo ukingo wa mto si mahali pa kuitupa.

Kusoma skrini ya osiloskopu

Osiloskopu ina jozi mbili za mabamba. Jozi moja hupokea volteji unayoichunguza na kulipandisha au kulishusha doa. Nyingine hulivuta doa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi isiyobadilika, kisha kulirudisha ghafla na kuanza upya. Ukizima mvuto huo na kuingiza mkondo geu, utaona mstari wima tu, wala si mawimbi. Ukiingiza volteji ya betri mvuto ukiwa umewashwa, utaona mstari wa mlalo uliopanda au kushuka.

Umeme wa Kenya, pamoja na ule unaozalishwa na maji ya Tana kule Masinga na Kiambere kabla hayajatufikia sisi, una marudio ya 50 Hz. Wimbi moja huchukua sekunde 1/50, yaani milisekunde 20. Ukiweka mvuto kwenye milisekunde 5 kwa kila mraba, wimbi moja litatanda miraba 4. Usiunganishe soketi ya ukutani moja kwa moja, tumia transfoma. Transfoma ya volti 6 ina kilele cha karibu volti 8.5, kwani volti 6 ni thamani ya wastani mraba. Kwa kipimo cha volti 5 kwa mraba, kilele kitakuwa miraba 1.7 kutoka mstari wa kati. Ukipima kutoka kilele cha juu hadi cha chini umepata mara mbili yake. Gawa kwa mbili kabla ya kuandika.

Sasa funga kitabu ujaribu haya, ukitoa ushahidi au hesabu kwa kila jibu.

Mwale wa elektroni unakwenda kushoto, uga wa sumaku unatoka nje ya karatasi kukuelekea. Utapinda wapi?

Volteji ya anodi imepandishwa kutoka volti 2,000 hadi 8,000. Kasi ya elektroni imeongezeka mara ngapi? Si mara nne.

Wimbi moja limetanda miraba 5 kwa kipimo cha milisekunde 2 kwa mraba. Je, hilo laweza kuwa umeme wa ukutani?